Kuvimba kwa Utumbo si Donge

*Daktari, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Bodo. Kijana wangu wa miaka sita anasumbuliwa na tumbo tangu masika. Mara linamsokota, mara anaharisha siku mbili tatu, kisha linatulia. Chakula anakula, lakini mwili hauongezeki. Shuleni alipewa dawa ya minyoo. Majirani wanasema ni mchango. Hospitali nikaambiwa ana uvimbe kwenye utumbo, na kwamba kinga yake ya mwili inapigana. Tangu siku hiyo silali, maana dada yangu alifariki kwa uvimbe. Tena kinga si kitu kizuri? Itamuumizaje mtoto? – Mama wa Bodo*

Mama, pole sana kwa dada yako, na pole kwa usiku wote huo wa macho makavu.

Nianze na neno lililokunyima usingizi. Sisi wa hospitali tunalitumia “uvimbe” kwa mambo mawili yaliyo mbali sana. Kuna donge linaloota mwilini, na naamini ndilo lililomchukua dada yako. Halafu kuna kuvimba kwa mguu uliochomwa na mwiba wa samaki: ngozi inapata moto, inajaa, inauma, na mwiba ukitoka inanywea. Kwa maelezo uliyoandika, aliyempima mwanao alikuwa anazungumzia hili la pili. Utumbo umevimba. Rudi ukamwulize waziwazi, “Ni donge au ni kuvimba?” Ni haki yako kujibiwa kwa lugha unayoielewa, na ningependa sana tungekuwa tunalisema hivyo tangu mwanzo.

Sasa swali lako zuri: kinga itamuumizaje mtoto?

Tazama kinachopita tumboni mwa mtoto wa Bodo kwa siku moja. Uji, samaki, wali wa nazi, maji ya kisima, embe aliloliokota chini ya mti, mchanga wa vidoleni. Vyote hivyo ni vigeni kwa mwili. Kinachovitenganisha na damu yake ni ukuta wa utumbo, ambao uso wake ni safu moja tu ya seli. Seli hizo huchakaa haraka hata mwili huzibadilisha kila baada ya siku tatu hadi tano. Juu yake pana ute unaoteleza, na ndani ya ute mna kingamwili zinazovishika vijidudu na kuviacha vitoke na choo bila ugomvi wowote. Chini ya ukuta ndiko zilikojazana seli za kinga nyingi sana. Nyingine zimekaa kwa makundi, kama mabaka yaliyotapakaa kwenye utumbo mwembamba, ambayo daktari wa Uswisi Johann Conrad Peyer aliyaeleza mwaka 1677, muda mrefu kabla ya watu kujua kazi yake.

Na kazi kubwa ya seli hizo za kinga, mama, ni kujizuia. Hapo Bodo ndipo watu wanapopandia mashua kwenda kisiwa cha Funzi. Mngeweka mlinzi anayempiga kila anayeshuka, mgeni na mwenyeji, mchuuzi na mvuvi, nani angebaki ufukweni? Utumbo nao umebeba bakteria wanaokadiriwa kuwa trilioni 38 kwa mtu mzima, wengi wao wenyeji wema wanaosaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate pa kukaa. Kinga iliyotulia inawajua na inawaacha. Inaamka pale tu adui anapovuka ukuta.

Ikiamka, seli huitana kwa kemikali. Mishipa midogo ya damu hufunguka, maji huvuja kuingia kwenye nyama ya utumbo, na askari humiminika. Huko ndiko kuvimba, na kwa siku mbili tatu ni jambo jema kabisa, kwa sababu ndivyo mwili unavyomtoa adui. Taabu huanza adui anapotoka leo na mwingine kuingia kesho, wiki baada ya wiki, askari wasipate kurudi nyumbani. Silaha zao hazibagui kati ya mwili wa mwanao na adui wake. Ukuta wenyewe huanza kuumia.

Kwa nini anakula na haongezeki? Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo mno, visivyofika hata milimita moja, vilivyosimama vimesongamana kama nyuzi za taulo. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Utumbo ukivimba kwa muda mrefu, vijidole hufupika na kulala. Mtoto anakula, chakula kinapita, na kinachoingia mwilini ni kidogo. Mwaka 1969 madaktari Cook, Kajubi na Lee walichapisha utafiti wao wa utumbo wa watu wa Uganda, na walikuta vijidole vya wengi vimebadilika umbo, vipana kama majani badala ya kusimama kama vidole. Mtu angeweza kudhani ndivyo Mwafrika alivyoumbwa. Lakini miaka ile ile vijana wa Kimarekani waliojitolea kufanya kazi Pakistani walipatwa na hali kama hiyo hiyo, na waliporudi kwao utumbo wao ukarejea. Hapo ikaonekana kwamba chanzo ni mazingira. Nakuambia hili kwa sababu lina habari njema ndani yake: utumbo wa mtoto hupona ukipewa nafasi.

Nani basi anamsumbua mwanao? Bila kumpima siwezi kusema kwa uhakika. Huenda ni vijidudu kama amiba au jiadia, huenda ni maji. Ila kwa pwani yetu ya kusini siwezi kuiacha minyoo, na hasa ile ya safura.

Kwa kawaida safura haingii kwa mdomo. Mayai yake hutoka na choo cha mtu, na yakiangukia mchanga wenye unyevu na kivuli, kama ule wa chini ya mikoroshi na minazi, baada ya wiki moja hivi huwa viwavi wasioonekana kwa macho. Mtoto akipita miguu mitupu, wanapenya ngozi. Pengine ulimwona akijikuna kati ya vidole vya miguu ukadhani ni mbu. Husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na ndipo wanapofika utumboni na kuuma ukuta ili wanyonye damu. Mdudu wa namna hii ni mkubwa mno kwa seli ya kinga kummeza. Basi utumbo hutumia mbinu nyingine: huongeza ute, huharakisha kubadilisha ukuta wake, na hujikaza kumsukuma nje. Sehemu ya msokoto anaolia nao mwanao yaweza kuwa ndiyo hiyo. Mnyoo naye hutoa vitu vya kuipoza kinga ili aachwe akae, na anaweza kukaa kwa miaka.

Wapo wanaosema minyoo ina faida, kwa kuwa inatuliza kinga. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwahi kuwapa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa ambao kinga huushambulia utumbo bila kukoma, mayai ya minyoo ya nguruwe wakitarajia nafuu. Majaribio makubwa hayakuonyesha nafuu hiyo. Kwa mtoto wa miaka sita anayepoteza damu kila siku, sioni faida ya kuitetea.

Lakini alipewa dawa shuleni, unasema. Ndiyo, na ilimfaa. Ila hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu jibu lilipatikana hapa hapa kwenu, kaunti ya Kwale. Kati ya mwaka 2015 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Maeneo 120 ya kaunti yaligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza, dawa walipewa watoto tu, wa miaka 2 hadi 14, mara moja kwa mwaka. La pili, watu wote, wazee kwa watoto, nyumba kwa nyumba, mara moja kwa mwaka. La tatu, watu wote mara mbili kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, palipotibiwa watoto peke yao wenye safura walitoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa wote mara moja, walitoka 17.9 hadi 8.0. Palipotibiwa wote mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2.

Umeona? Safura hupenda watu wazima. Mtoto anameza kidonge Jumatatu, minyoo inatoka, na Jumamosi anacheza pale pale babu au mjomba asiyejua kama anayo alipojisaidia kichakani. Kwa hiyo usimtibu kijana peke yake. Wewe, baba yake, bibi kama mnaishi naye, na wale watoto wengine watatu, mwulizeni mhudumu wa afya wa jamii au zahanati juu ya dawa kwa nyumba nzima. Mwenye mimba aseme kabla ya kumeza, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Na ndara, mama. Najua watoto wetu wanaziacha mlangoni. Mnunulie hata za bei ndogo na umsimamie, kwanza njia ya chooni na pale chini ya miti. Maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa. Kama nyumba haina choo, hilo lizungumzwe na mwenye nyumba bila haya. Mikoko na vichaka haviyamezi mayai ya minyoo.

Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, kwa sababu zinki husaidia ukuta ule kujijenga upya. Nakuomba usikimbilie duka la dawa kununua Flagyl kila tumbo linapouma. Inaua pia wale bakteria wema niliokutajia, na bila kipimo hujui unapigana na nani. Dawa kali za maumivu kama diclofenac nazo huuchubua utumbo. Na kuhusu mchango, siwalaumu majirani. Jina hilo pwani limebeba kila ugonjwa wa tumbo la mtoto. Wakikuletea mizizi ya kuchemsha, subiri kwanza majibu ya maabara.

Usingoje hata siku moja ukiona damu kwenye choo, homa isiyoshuka, macho yamebonyea, tumbo limekuwa gumu na anatapika, au uzito unashuka badala ya kusimama. Hapo nenda hospitali ya Msambweni moja kwa moja. Mtazame pia viganja na ndani ya kope za chini: vikipauka, damu imepungua, naye anahitaji dawa ya madini ya chuma pamoja na ile ya minyoo.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewahi kunipotezea majibu. Mayai ya safura yana ganda jembamba, angavu kama povu, na ndani chembe chache zilizokaa pamoja. Choo kikiandaliwa kwa kipimo tunachotumia kuhesabu minyoo, mayai hayo huanza kuyeyuka machoni mwetu ndani ya nusu saa hadi saa moja. Na choo kikishinda kwenye joto, mayai huanguliwa. Mgonjwa huambiwa hana kitu, kumbe alikuwa nacho. Kwa hiyo chukua kikopo kisafi leo, choo cha asubuhi kisichanganyike na mkojo wala mchanga, kifunike, kiweke kivulini, panda gari la mapema. Ukifika dirishani mwambie fundi wa maabara kilitoka saa ngapi.