SOMO: HESABU MAPIGO YA MOYO YA KIJANA WAKO

Siku ya kupima watoto tunawaangalia wadogo. Lakini yule wa miaka 13 aliyebaki nyumbani, nani anamwangalia? Akihema na kuchoka upesi, watu wanasema ni mvivu, ao amerogwa. Ngoja, mama. Kwanza hesabu moyo wake.

Namna ya kuhesabu

1. Akae kimya dakika 10. Kama ametoka kuvuta wavu, kuchota maji ao kucheza mpira, usihesabu kwanza. Moyo wa aliyetumika sana unakimbia, na si ugonjwa.

2. Weka vidole viwili kwenye kiungo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mshipa unapiga. Usitumie kidole gumba chako, kwani nacho kina mapigo yake.

3. Tazama saa ao simu, hesabu dakika moja nzima.

Hesabu nzuri ni gani?

Moyo wa mtoto mchanga unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Akikua, unapunguza mwendo. Kijana wa miaka 12 mpaka 18 aliyepumzika ni mara 60 mpaka 100. Anayepiga kasia kila siku anaweza kushuka kidogo chini ya 60, naye ni mzima.

Ikipita 100

Homa inakimbiza moyo: mpeleke apimwe malaria leo leo. Kama hana homa, na kesho unahesabu tena unapata zaidi ya 100, mlete. Pengine damu imepunguka kwa sababu ya malaria, minyoo, ao hedhi nyingi kwa msichana. Pengine aliumwa koo, kisha viungo vikavimba, leo goti, kesho kiwiko. Ugonjwa huo unaharibu moyo. Sindano ya penisilini kila majuma 3 ao 4 inaukinga usiharibike zaidi.

Usingoje kesho

Akizimia, akiumwa kifua, akikosa pumzi hata amelala, ao miguu ikivimba, mlete siku ile ile, hata kama hesabu ni nzuri. Toka Mpala mpaka Kalemie ni mbali. Usingoje usiku uingie.

Maulizo

Kwa nini kijana apumzike kwanza? Hesabu yake ni ngapi? Leo jioni mhesabu wako, uandike.

Mungu amekupa vidole na akili, mama. Vitumie.