SOMO LA ROBO HII: Imanueli, jina lililotolewa penye mfereji wa maji



Jina Imanueli tunalo kila mahali: kwa vijana wa kwaya, kwenye vibao vya makanisa, hata ubavuni mwa mabasi. Kila Krismasi tunalisikia likisomwa katika Mathayo 1:23. Mara chache tunauliza ni nani aliyelisikia kwanza, naye alikuwa katika hali gani. Tufungue Isaya sura ya 7.

Jina lenyewe ni la Kiebrania. Immanu ni "pamoja nasi", na El ni "Mungu". Kama sisi tunavyounganisha "na" na "sisi" tukapata "nasi", ndivyo Waebrania walivyounganisha im na nu. Kwa Kigiriki liliandikwa Emmanouel, ndiyo maana wengine huandika Emanueli na wengine Imanueli. Halina undugu na jina Imani, ingawa wapo wanaodhani moja ni kifupi cha jingine. Imani limetufikia kutoka Kiarabu.

Sasa twende Yerusalemu, yapata mwaka 734 Kabla ya Kristo. Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli wameungana ili wamwondoe Ahazi, mfalme wa Yuda, na kumweka mtu wao, mwana wa Tabeeli. Mji mzima unatetemeka. Bwana anamtuma Isaya akakutane na mfalme, na mahali panatajwa wazi katika mstari wa 3: mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia ya uwanja wa dobi. Wafafanuzi wengi huona kwamba Ahazi alikuwa akikagua maji ya mji kabla ya kuzingirwa. Sisi tunaoshughulika na matangi na mabomba tunamwelewa kabisa. Mji ukizingirwa, maji ndiyo swali la kwanza.

Isaya hakumlaumu kwa kukagua mfereji. Alimwambia atulie, asiogope, kisha akamtaka aombe ishara. Ahazi akakataa kwa maneno ya kicha Mungu, kwamba hatamjaribu Bwana. Lakini 2 Wafalme 16 yatuonyesha kwamba tumaini lake lilikuwa kwingine: alichukua fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana, akampelekea Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, akijiita mtumishi wake na mwanawe. Msaada ulikuja kweli. Dameski ilianguka mwaka 732. Ila Yuda ilibaki chini ya Ashuru, na Ahazi akajenga Yerusalemu madhabahu kwa kuiga aliyoiona Dameski. (Wafadhili wetu wasome hapa bila wasiwasi! Kosa la Ahazi halikuwa kupokea msaada. Alijitoa mwenyewe kuwa mali ya aliyemsaidia.)

Ni kwa mfalme huyu aliyekataa ishara kwamba Bwana alitoa ishara: mtoto atazaliwa, ataitwa Imanueli, na kabla hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wale wafalme wawili zitaachwa ukiwa. Neno la Kiebrania almah lamaanisha mwanamwali; Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Kristo walitumia neno la bikira, na ndilo Mathayo alilolifuata.

Wengi huishia hapo, nasi twasihi msiishie hapo. Katika sura ya 8 watu wamedharau maji ya Shiloa yaendayo polepole, basi Ashuru inakuja kama mto uliofurika, ukifika shingoni, na nchi inayofunikwa inaitwa nchi ya Imanueli. Kwa hiyo jina hili halikuwa hirizi ya kuzuia mafuriko. Mungu alikuwa pamoja na watu wake maji yakiwa shingoni, na katika mstari wa 10 mashauri ya mataifa yanabatilika kwa sababu hiyo hiyo.

Jina lenyewe laonekana mara tatu tu katika Biblia: mara mbili kwa Isaya na mara moja kwa Mathayo. Katika Injili hakuna hata mtu mmoja anayemwita Bwana wetu Imanueli. Wanamwita Yesu, maana yake Bwana huokoa. Mathayo analiweka jina mwanzoni kabisa, na katika mstari wa mwisho wa kitabu chake, 28:20, Yesu aliyefufuka anaahidi kuwa pamoja na wanafunzi wake siku zote. Tena ahadi hiyo anawapa kundi zima wanapotumwa kazini, na baadhi yao, asema 28:17, walikuwa bado wana shaka.

Kwa mazungumzo ya kamati: Je, katika usharika wetu, mradi unapoyumba, tunakimbilia wapi kwanza? Ni kitu gani tulichokwisha kukitoa ili tupate msaada, ambacho hakikuwa chetu kukitoa? Na tunaposema "nasi", ni nani katika kijiji hatujamhesabu?