Ngozi Inapogeuzwa Seli za Ubongo: Maelezo kwa Wakazi wa Minago

Ukiwa na mgonjwa wa kifafa nyumbani, ukasikia kwamba wataalamu wanageuza ngozi ya mtu kuwa seli za ubongo, lazima upate matumaini. Habari hiyo ni ya kweli. Ila kwa sasa kazi yake kubwa ni utafiti, na tunataka mlijue hilo kabla hamjauziwa tiba kwa jina lake.

Inavyofanyika

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aliziingizia seli za panya jeni nne, zikarudia utoto: zikawa seli shina, zinazoweza kukua kuwa za moyo, ini au ubongo. Mwaka 2007 akafanikiwa kwa seli za ngozi ya binadamu.

Kuzipata za ubongo kunataka subira. Hukaa kwenye visahani ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, zikibadilishiwa maji ya lishe, na hutiwa dawa za kuzuia zisishike njia ya kuwa ngozi au nyama. Baada ya siku kama 10, kwenye darubini unaziona zimejipanga duara kama petali za ua. Hizo ni seli changa za neva. Wiki kadhaa mbele huchomoza nyuzi ndefu, zikagusana na kupelekeana umeme.

Zimesaidia nini?

Mfano mmoja ni ugonjwa wa Zika. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe, Uganda, walikuta kirusi chake, kikiwa kipya, katika damu ya tumbili aliyewekwa msitu wa Zika. Kwa miaka mingi kilidharauliwa. Mwaka 2015 watoto wengi Brazil wakazaliwa na vichwa vidogo, Zika ikashukiwa. Mwaka uliofuata, huko Marekani, kirusi cha ukoo uleule uliotoka kwa tumbili wa Entebbe kilitiwa kwenye visahani vya seli changa za neva. Ndani ya siku 3 kilikuwa kimeingia nyingi. Baadhi zikafa, nyingine zikashindwa kuzaana vizuri.

Mwaka huohuo, katika majaribio ya dawa kwa maelfu, niklosamidi, dawa ya zamani ya tegu, ilizuia kirusi kuzaana visahanini. Lakini kisahani hakina ini wala mimba. Mjamzito asiimeze akidhani anajikinga.

Basi, kwa kuwa kazi hii bado ni ya utafiti, akija mtu mwaloni, ndagala zikishushwa, akiuza sindano ya “seli shina” ya kifafa, msimpe hata faranga moja. Kifafa kina vidonge vyake: mpelekeni mgonjwa kituo cha afya, na asiache dawa bila kuambiwa na mganga. Mtafiti akiomba ngozi au damu yako, ana wajibu wa kukueleza kwa Kirundi au Kiswahili unachokielewa. Ukikataa, bado utatibiwa kama wengine.