Kila Udongo na Zao Lake

Wahenga walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Hayo ni maneno ya mabaharia, lakini yanamfaa mkulima wa bara vile vile. Kila mwaka mvua zinapokaribia, yuko mtu auzaye mbuzi wake wawili ili apate fedha za mbegu, akanunua mbegu ile ile aliyoiona ikizaa sana katika shamba la shemeji yake. Hulima mapema, hupalilia kwa bidii, wala si mvivu. Lakini siku ya kuvuna hukuta mabua matupu. Majirani humcheka, na wengine husema kwamba amerogwa. Kumbe kosa lake ni moja tu: zao lililopatana na udongo wa shemeji yake halikupatana na udongo wake mwenyewe.

Katika somo hili tutaeleza aina kubwa za udongo zilizomo katika nchi ya Kenya, na mazao yapatanayo na kila aina. Kisha tutaonyesha jinsi mkulima awezavyo kuutambua udongo wake kwa mikono yake, bila gharama.

Udongo ni kitu gani?

Udongo ni mwamba uliosagika kwa jua, mvua na mizizi katika muda wa maelfu ya miaka, ukachanganyika na majani yaliyooza, maji na hewa. Chembe zake ni za namna tatu. Chembe kubwa ni mchanga. Za kadiri ni tope laini. Na zilizo ndogo kabisa ni mfinyanzi. Mchanga hupitisha maji upesi, na chakula cha mimea hupotea pamoja nayo. Mfinyanzi hushika maji na chakula, lakini pengine hushika mno hata mizizi ikakosa hewa. Chembe hizo zikichanganyika kwa kiasi, tunapata udongo tifutifu, ambao ndio unaopendwa na mazao mengi.

Kwa kuwa miamba ya Kenya si ya namna moja, udongo wake pia hauwezi kuwa wa namna moja. Mlima Kenya na Nyandarua ilifanywa na moto wa chini ya ardhi. Ukambani una miamba ya kale sana iliyochakaa. Pwani ina matumbawe na mchanga wa bahari.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu

Katika Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru na Kisii kuna udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Una kina kirefu, na ingawa una mfinyanzi mwingi, maji hupenya ndani yake bila kutuama. Hapo ndipo mahali pa kahawa, kwa maana mkahawa hupeleka mizizi yake mbali chini, wala hauvumilii kusimama katika maji.

Mahali palipo juu zaidi na penye mvua nyingi, udongo huwa mchachu, yaani wenye asidi, kwa kuwa mvua imeosha chokaa yake. Wataalamu huupima uchachu kwa hesabu ya 0 hadi 14: 7 ni katikati, na kila hesabu ishukapo chini ya 7, uchachu huzidi. Mchai hustawi baina ya 4.5 na 5.5, ndiyo sababu ulipopandwa Limuru mwaka 1903 ulikubali, na baadaye ukaenea hata Kericho na Nandi. Lakini mahindi na maharagwe hutaka hesabu iliyozidi 5.5. Hivyo udongo mmoja waweza kuwa baraka kwa chai na taabu kwa maharagwe.

Jambo hili lawahusu sana wakulima wa magharibi, kama vile Kakamega, Siaya na Uasin Gishu, ambako sehemu nyingi zina uchachu. Katika udongo mchachu sana, fosforasi hufungwa na mimea isiweze kuifikia. Dalili mojawapo ni kwamba majani ya mahindi machanga hugeuka rangi ya zambarau. Mkulima akiona hivyo huongeza mbolea ile ile ya dukani, asijue kwamba mbolea nyingi zenye amonia, zikitumiwa mwaka hata mwaka, huzidisha uchachu. Dawa yake ni chokaa ya shambani, inayochanganywa na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda, pamoja na samadi. Kiasi cha chokaa sharti kitokane na kipimo, wala si kukisia.

Udongo mweusi unaonata

Katika tambarare za Mwea, Kano na Athi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono ndani yake; wakati wa masika huvimba na kunata hata jembe likawa zito kama jiwe. Mkulima aliyezoea udongo mwekundu akiuona huukataa. Lakini sifa ile ile iliyo mbaya kwa kahawa ni njema kwa mpunga, kwa maana maji yakiingizwa katika majaruba hayanywei upesi. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1950 Mwea imekuwa nchi ya mpunga, ikinyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Katika tambarare za Kano hupandwa mpunga na miwa. Pamba na mtama pia huvumilia udongo huu, ikiwa mifereji imechimbwa ili maji ya ziada yaondoke. La muhimu ni kuulima wakati ukiwa na unyevu wa kadiri: ukiwa mkavu haulimiki, na ukiwa na maji mengi huharibika.

Udongo wa nchi kavu

Machakos, Makueni na Kitui zina udongo mwekundu wenye mchanga, uliotokana na miamba ya kale. Haukosi rangi nzuri, na wengi hudanganyika kwa rangi hiyo wakadhani ni sawa na ule wa Kiambu. Sivyo. Una upungufu wa mboji na fosforasi, na tone la mvua likiupiga ukiwa mtupu, juu yake hufanya ganda gumu, na maji hutiririka badala ya kupenya.

Hapa ndipo kuiga jirani kunapoleta njaa. Mbegu za mahindi za nyanda za juu, kama zile za Kitale, hukaa shambani miezi 6 hadi 8. Katika Ukambani mvua za msimu huwa zimekwisha zamani kabla ya mahindi hayo kubeba. Mahindi ya Katumani, yaliyotafutwa na watafiti wa Machakos hasa kwa ajili ya nchi kavu, hukomaa katika miezi 3 hadi 4. Tena usiyategemee mahindi peke yake: mtama, wimbi, mbaazi, kunde, pojo na muhogo ni mazao yanayojua kungoja mvua. Mwenye kuyadharau na kuyaita chakula cha maskini, ayaangalie tena mwaka wa ukame, aone ni nani atakayekwenda kuomba kwa mwenzake.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilisemwa kuwa vimekufa kwa mmomonyoko. Kazi za kulazimishwa za enzi ya ukoloni ziliwachukiza watu. Lakini baadaye wakulima wenyewe, kwa vyama vyao vya mwethya, walichimba matuta ya "fanya juu", ambayo huitwa hivyo kwa kuwa udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 hadi 1990, na huku mmomonyoko ukipungua. Basi udongo dhaifu si udongo wa kukatiwa tamaa.

Udongo wa pwani

Kwale na Kilifi zina sehemu kubwa za udongo wa mchanga. Minazi, mikorosho na muhogo hupatana nao: mkorosho hutafuta maji mbali chini, na mnazi huvumilia hata chumvi ya bahari. Kwa kuwa mbolea huoshwa upesi katika mchanga, ni afadhali kuitia kidogo kidogo mara nyingi kuliko kuimwaga yote siku moja, na kutumia samadi na majani yaliyooza ili udongo upate nguvu ya kushika maji.

Kilima kimoja, udongo mbalimbali

Mwaka 1982 ilitolewa ramani ya udongo wa Kenya nzima, ambayo sentimita moja ya karatasi ni sawa na kilomita 10 za nchi. Ramani hiyo ni kazi kubwa, lakini shamba lako la ekari mbili haliwezi kuonekana ndani yake. Tena katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika Tanganyika, alieleza kwamba aina za udongo hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo. Juu huwa pana mawe na kina kifupi. Katikati kina huongezeka. Na chini hukusanyika mfinyanzi na maji.

Kwa hiyo hata katika shamba moja usipande zao moja kila mahali. Juu pafaa majani ya ng'ombe na miti. Katikati mahindi, maharagwe au kahawa. Na bondeni majimbi, ambayo bara huitwa nduma, au miwa na mboga.

Jinsi ya kuutambua udongo wako

Chimba mashimo matatu, moja juu, moja katikati na moja chini ya shamba, kila shimo lifike kina cha magoti. Tazama kama kuna mwamba, maji au ganda gumu. Kisha twaa konzi ya udongo, uloweshe kidogo, uufinyange. Usipokubali kufanya tonge, ni mchanga. Ukifanya tonge lakini ukivingirishwa kama kamba hukatika, ni tifutifu. Ukifanya kamba, na kamba ikapindwa kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi.

Uchachu hauonekani kwa macho. Chukua udongo wa mahali 10 hadi 15 katika shamba, kwa kina cha sentimita 20, ukiacha penye boma, chini ya miti na palipolundikwa samadi. Uchanganye katika ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, uanike kivulini, kisha utie nusu kilo katika mfuko wenye jina lako na la shamba. Bwana Shamba wa kwenu atakuonyesha pa kuupeleka. Maabara ya utafiti wa kilimo iliyoko Kabete ni mojawapo ya mahali unapopimwa.

Ndugu mkulima, mashamba yanagawanywa kwa watoto, wala ardhi haizai ardhi nyingine. Ekari ambayo babu aliweza kuikosea mwaka mmoja, akahamia nyingine, leo ndiyo hiyo hiyo tu. Gharama ya kupima udongo ni ndogo kuliko bei ya mbuzi wawili. Kabla ya mvua zijazo, usiende kwanza dukani kuuliza mbegu. Nenda shambani ukachimbe shimo, uuulize udongo wako unataka nini.