Subira ya Mwenye Kalamu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeifanya kalamu kuwa mlango wa ilimu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Wengi katika watu wa mwambao huazimia jambo jema, wasilifikishe mwisho wake. Huyu huazimia kuhifadhi juzuu mbili. Yule huazimia kunakili kitabu cha babu yake kisije kikaliwa na mchwa. Mwingine huazimia kuwaandikia wanawe risala ya mafunzo. Huanza kwa nguvu mwezi wa Ramadhani, na Mfungo Mosi ukiingia, wino umekwisha kukauka. Na wako wengine ambao hatari yao ni kubwa zaidi. Hawa hawaiachi kazi yao, bali kwa ajili yake huyaacha yasiyoachika: alfajiri huwapita wamelala, wake zao hukaa na uchungu, na madeni yao hayalipwi. Wa kwanza amekosa subira, na wa pili amekosa mizani. Somo hili ni la wote wawili.

Mfano wake ni Imam Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye jina lake halikosi kutajwa katika darsa za fiqhi za madhehebu ya Imam Shafi'i.

Habari zake kwa ufupi

Imam Nawawi alizaliwa mwaka wa 631 wa Hijra, nao ni 1233 wa miladi, katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Hauran, kusini ya Damascus. Mwaka wa 649 alikwenda Damascus kutafuta ilimu, akakaa katika chumba cha madrasa ya Rawahiyya, na chakula chake kilikuwa ni mkate wa madrasa. Alikihifadhi kitabu cha Tanbih kwa muda wa miezi minne na nusu, kisha akahifadhi robo ya Muhadhdhab katika miezi iliyobaki ya mwaka ule. Vitabu vyote viwili ni vya Sheikh Abu Ishaq Shirazi. Akawa anasoma darsa kumi na mbili kila siku mbele ya masheikh zake.

Katika vitabu alivyoviandika mna Minhaj, ambayo wanachuoni wa Kishafi'i huitegemea katika fat'wa na hukumu, aliyoimaliza mwaka wa 669. Na Riyadhu Salihin, aliyoimaliza mwaka wa 670. Na Hadithi Arubaini, ambazo watoto huzihifadhi chuoni. Alikufa mwezi wa Rajabu mwaka wa 676, nao ni 1277, akiwa na umri wa miaka arubaini na mitano kwa hesabu ya mwezi. Na kitabu chake kikubwa kuliko vyote, Majmu', ambacho ni sherehe ya ile Muhadhdhab aliyoihifadhi ujanani mwake, alikiacha hakijafika hata nusu.

Na atazame msomaji namna alivyopanga Riyadhu Salihin. Mlango wa kwanza ni wa ikhlasi na nia, wa pili ni wa toba, na wa tatu ni wa subira. Hakuanza kwa sala wala kwa saumu, wala hakuanza kwa fadhila za ilimu. Kwa mpango huo huo somo hili litakwenda.

Mlango wa nia

Kila amali huhesabiwa kwa nia yake. Basi mwenye kuandika na ajiulize: lau kitabu hiki kingetoka bila ya jina langu, ningeendelea kukiandika? Akiona moyo wake unasita, hapo pana ugonjwa. Wala dawa yake si kuiacha kazi, kwani kuacha amali kwa kuogopa maneno ya watu nako ni kuwatazama watu. Dawa yake ni kuisahihisha nia kila akaapo kuandika, kama vile baharia ausahihishavyo usukani wake; hauweki sawa mara moja bandarini akalala mpaka afike.

Imesimuliwa na Ibn al-Attar, mwanafunzi wake Imam Nawawi aliyeandika habari zake, kwamba Imam alimwamrisha karatasi nyingi alizoziandika kwa mkono wake zioshwe wino. Mwanafunzi alitii, na majuto yake hayakumtoka. Mtu aliyezoea kuandika ajua uzito wa jambo hili. Mwenye kuweza kulifuta andiko lake mwenyewe hakuliandika kwa ajili ya nafsi yake.

Mlango wa toba

Aghalabu ya watu hudhani ya kuwa toba ni ya mlevi na mwizi. Lakini mwenye shughuli njema naye ana njia zake za kupotea. Imesimuliwa ya kwamba Imam Nawawi, katika siku za kusoma kwake, aliingiwa na tamaa ya kusoma utabibu, akanunua kitabu cha Qanun cha Ibn Sina. Kukaa siku chache, akauona moyo wake umeingia kiza, hawezi kufanya lolote. Akafikiri: jambo hili limetoka wapi? Alipotambua, akakiuza kile kitabu, na nuru ya moyo wake ikarejea.

Isifahamike ya kuwa utabibu ni jambo baya. Hasha! Utabibu ni fardhi ya kutoshelezana, na mji usio na tabibu watu wake wote wana lawama. Ila njia ya mtu yule haikuwa ile, na kila mtu ana mlango aliofunguliwa. Wangapi leo wana kazi moja iliyo mkononi, na kila wakisikia sifa ya nyingine huiacha ile na kuishika hii, mpaka umri ukapita wasiwe na hata moja! Toba ya mtu huyo ni kufanya kama alivyofanya Imam: aikatae tamaa iliyompotezea njia, kisha airudie kazi yake bila ya kukaa mno katika majuto.

Mlango wa subira

Wanachuoni wameigawa subira mafungu matatu. La kwanza ni subira juu ya taa, yaani kuidumisha ibada. La pili ni subira ya kujizuia na maasi. La tatu ni subira juu ya masaibu.

Kwa mwenye kalamu, fungu la kwanza ni kuidumisha kazi hata siku ambazo moyo hauitaki. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufahamisha ya kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa ijapokuwa ni kidogo. Mwenye kuandika mistari mitano kila siku baada ya alasiri, mwaka ukitimia ana kitabu. Na mwenye kungoja siku ya faragha, mwaka ukitimia bado angoja. Sheikh Ibn Hajar wa Asqalan, naye ni katika mashafi'i, alianza Fat'hul Bari, sherehe ya Sahihi Bukhari, mwaka wa 817 wa Hijra, akaimaliza mwaka wa 842. Ni miaka ishirini na mitano kwa kitabu kimoja, na katika miaka hiyo alisomesha na alishika ukadhi.

Fungu la pili ni kuizuia kalamu na haramu: kutwaa maneno ya mwingine na kuyafanya yake, kumsengenya Mwislamu mwenziwe kwa wino, na kutoa hukumu katika jambo asilolijua. Ulimi ukisengenya, maneno huenda yakasahauliwa. Lakini karatasi hubaki, na dhambi yake hubaki maadamu iko mikononi mwa watu.

Fungu la tatu ni kuvumilia yanayomfika. Karatasi zitaloa, mchwa atakula, rafiki atacheka, na mwenye ilimu zaidi atatoa makosa. Ama huyo wa mwisho si masaibu, bali ni neema, na yampasa kuombewa dua.

Mas'ala

Mtu ana mke na watoto. Mchana yuko kazini, na usiku baada ya isha huandika mambo ya dini mpaka usiku ukawa mkubwa. Mara nyingi alfajiri humpita amelala, na mkewe hulalamika ya kwamba hana mume. Je, mtu huyu yuko katika thawabu au katika dhambi?

Jawabu: Mambo haya yatengwe moja moja. Ama kukesha kwa ajili ya ilimu, hakuna ubaya. Mazungumzo baada ya isha ni makuruhu, ila yakiwa ya kheri, na ilimu ni katika kheri. Na Imam Shafi'i amesema ya kuwa kutafuta ilimu ni bora kuliko sala ya sunna. Lakini msomaji na atazame vizuri: ni bora kuliko sunna, wala hakuna mwanachuoni aliyesema ni bora kuliko fardhi.

Ama alfajiri, mwenye kulala kabla wakati haujaingia, usingizi ukamchukua, ni mwenye udhuru, na ni sunna afanye haraka kuilipa. Mwenye kulala baada ya wakati kuingia, wala hana dhana ya kuwa ataamka kabla haujatoka, huyo ana dhambi. Na yule ajuaye kwa mazoea ya kwamba akikesha haamki, akaendelea vivyo hivyo kila usiku, hata akiusalimika ulimi wa mufti, na aiogope hasara yake mwenyewe. Ataandikaje fadhila za sala kwa mkono ulioipoteza sala? Na aandike kidogo, alale mapema, na saa yake iwe baada ya alfajiri, kwani asubuhi ina baraka.

Ama mke, chakula chake na nguo yake na makazi yake ni wajibu, wala wajibu hauachwi kwa sunna. Na kukaa naye kwa wema kumeamrishwa. Salman alimwambia Abu Dardaa, alipomwona amewaacha watu wake kwa ajili ya saumu na kisimamo cha usiku, ya kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Bwana Mtume (S.A.W.) alipopata habari, alimsadikisha Salman. Na hadithi hii Imam Nawawi mwenyewe ameitia katika Riyadhu Salihin, katika mlango wa kufanya ibada kwa kadiri.

Hapa huenda mtu akasema: Imam Nawawi hakuoa, na imesimuliwa ya kuwa alipitisha miaka miwili bila ya kuuweka ubavu wake chini, basi kwa nini wengine wasifanye kama yeye? Jawabu ni kwamba yeye hakuwa na mke akamdhulumu, wala watoto akawaacha na njaa. Aliyekwisha kuoa amekwisha kufunga mkataba, na mkataba hauvunjwi kwa kalamu. Na afuate kwake ikhlasi na kudumu, asifuate asilolazimishwa wala asiloliweza.

Kazi isiyokwisha

Limebaki swali lililo zito kuliko yote: mtu akifa kabla ya kumaliza, je, subira yake imepotea?

Majmu' ilipofika mlango wa riba, katika kitabu cha biashara, ajali ilimfika mwenye kuiandika. Ilipokaribia safari yake ya mwisho, Imam Nawawi alivirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameviazima, akayazuru makaburi ya masheikh zake, akaenda kuzuru Baitul Maqdis, kisha akarudi Nawa, akaugua na kufa katika nyumba ya baba yake. Kitabu kilikuwa hakijakwisha, lakini amana za watu zilikuwa zimekwisha kurudi. Huu ndio ukamilifu ambao kila mtu aweza kuupata.

Baada yake Sheikh Taqiyuddin Subki aliitwaa kazi pale ilipokomea, akaandika sehemu, naye akafa mwaka wa 756 kabla ya kuimaliza. Katika karne ya 20 ya miladi, Sheikh Muhammad Najib al-Muti'i wa Misri ndiye aliyeitimiza. Kitabu kilianzwa na mtu mmoja, kikamalizwa na mwingine baada ya karne nyingi, na hakuna aliyesema ya kuwa jasho la wa kwanza lilikwenda bure.

Na katika mwambao huu uko mfano wake. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, alianza mwaka 1930 kwa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Alishika ukadhi, akaandika vitabu vya kuwafunza watu wake kwa lugha yao, na alianza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Akafa mwaka 1947 asiitimize. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Unguja, naye ni mmoja wa waliochota katika ilimu yake, ndiye ambaye tafsiri yake kamili ilipigwa chapa mwaka 1969.

Bwana Mtume (S.A.W.) ameagiza ya kuwa mtu Kiyama kikimkuta na mche wa mtende mkononi, na akaweza kuupanda, na aupande. Mche ule hautaota wala hautazaa, na bado ameamrishwa kuupanda. Basi mja ametakiwa kupanda. Kuotesha ni kwa Mola wake. Hata mwenye kupanda mnazi uzeeni ajua ya kuwa dafu lake huenda likanywewa na mjukuu.

Khatima

Mambo matano na yashikwe. Isahihishwe nia kabla ya kuchovya kalamu. Fardhi zitangulizwe, na haki za watu wa nyumbani zisiguswe. Kazi iwe moja, na iwe kidogo kila siku. Mwenye kusahihisha makosa asikasirikiwe. Na amana za watu zirudishwe mapema, kwani siku ya kuvunjika kalamu haikutangazwa.

Mwenyezi Mungu azikubali amali zilizokwisha na zisizokwisha, na awarehemu waliotutangulia kwa ilimu na imani. Amin.