Jiografia Jikoni

Likizo iliyopita mdogo wangu alipata sufuri katika jiografia, akasema haendi tena shule. Mama akaniambia, "Wewe uko sekondari, mfundishe."

Basi tulichukua udongo wa mfinyanzi, tukafanya Milima ya Livingstone juu ya kipande cha bati. Upande wa magharibi, chini kabisa, tuliweka bakuli la maji, ndilo Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki, Lugarawa. Kisha kila chakula tulikiweka kwao: dagaa ziwani, mahindi Lugarawa, viazi kaskazini kwenye baridi ya Njombe.

Akauliza, "Kaka, dagaa hupandaje mlima wote huu?" Tukachora njia kwa kidole.

Jioni, dagaa mkononi, alimweleza Mama safari yao. Shule ilipofunguliwa alitangulia kuamka.

Wenzangu, jaribuni nyumbani.