Dondoo muhimu: Mwenye klabu ameijenga?

Shabiki wa klabu ya Bandari kutoka Ukunda au Msambweni, Kwale, huvuka kwa feri ya Likoni ndipo aione timu yake uwanjani Mbaraki. Ana haki ya kumpima mwenye klabu, Halmashauri ya Bandari ya Kenya.

Asipime kwa msimu mmoja. Mwaka 2019 Bandari ilimaliza ya pili ligini, ikatwaa Ngao ya FKF (Shirikisho la Soka la Kenya), kisha ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia katika Kombe la Shirikisho la Afrika kabla ya kung'olewa na Horoya ya Guinea. La kuuliza ni nini kilichofuata: pengo la nyota walioondoka lilizibwa? Mishahara hufika kwa wakati? Vijana wa Kwale wanafuatwa viwanjani kwao, au husubiri bahati? Hilo la vijana ndilo zito kuliko yote.

Usajili wa mbwembwe usimzuzue. Manchester United, inayojaza vibanda vya kutazamia mpira Diani, imemwaga mamilioni mengi sokoni tangu 2013, na ubingwa wa ligi haijauonja tena.

Tena aulize akiwa na wenzake, kupitia tawi la mashabiki, na kwa maandishi.